Nguzo ya Banda la Baba Yako

Mwanangu Tusekile,

Sikuulizi kama u mzima, maana mchana nimekuona ukimaliza bakuli la maharage na kurudia ugali, na mgonjwa hali hivyo. Umekwenda Mbalizi kumuaga bibi yako, na ninajua hatakuachia mapema. Lazima akupikie, akuombee, halafu akumbuke kitu alichosahau kukiombea aanze upya. Nyumba iko kimya. Jua bado liko juu ya mlima, nami nimekaa dirishani kwenye ile meza yenye miguu ya cherehani, naandika. Nimejaribu wiki nzima kukuambia maneno haya kwa mdomo. Kila nikianza unaniangalia kwa macho ya baba yako, naishia kukuuliza kama umepakia sweta.

Leo siulizi habari za sweta. Iringa kuna baridi kama kwetu, utaijua mwenyewe. Wala sikuandikii habari za simu, marafiki na kuamka mapema. Mimi niliambiwa yote hayo na mama yangu siku ninakwenda sekondari, na niliyasahau kabla basi halijatoka Tukuyu. Nataka kukuandikia habari za banda la baba yako.

Najua hupendi kulisikia. Siku ile tulipoanza kulisafisha ulisimama mbele yangu na mbele ya mume wangu Gaudensi, ukasema taratibu kabisa, "Likizo nitakuwa nakwenda kwa bibi. Huku mmeshamfagia baba." Kisha ukaingia jikoni ukaosha vyombo vilivyokuwa tayari safi. Hujarudia kusema maneno hayo, lakini hujayafuta pia. Kesho unakwenda chuoni, na mimi mama yako sijui kama chuo kikifungwa utashuka hapa Ilomba au utapitiliza na basi mpaka Mbalizi. Hilo ndilo linalonikalisha hapa dirishani.

Lakini kwanza uniache niringe kidogo. Mwanangu, mama yako amependwa. Najua binti hapendi kusoma habari kama hizi za mama yake. Ruka kipande hiki ukitaka, mimi siwezi kukiruka. Miaka yote ile ya ujane nilidhani upande huo wa maisha yangu umefungwa, kama duka ambalo mwenyewe amehama mji. Halafu masika paa likaanza kuvuja juu ya kitanda chako, nikapanda basi kwenda Mafinga kutafuta mbao za kenchi. Kwenye uwanja wa mbao nikamkuta mwanaume mrefu mwenye unga wa mbao kwenye nyusi. Nikamwonyesha mbao nilizozipenda. Akazigusa, akazipiga kwa kidole, akasema, "Kamwene, mama. Hizi ni nzuri kwa macho tu. Zimekatwa juzi, zitapinda kabla hujamaliza kupigilia."

Nikamuuliza, "Kwani mwenye mbao yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Na unanikataza kununua?"

"Nakukataza hizi. Za kununua ziko kule nyuma, ila hazipendezi."

Nilicheka ndani ya basi mpaka abiria wakanigeukia. Zile zisizopendeza alizileta mwenyewe juu ya lori mpaka mlangoni kwetu, akapandisha paa. Paa lilipokwisha akaona mlango umelegea. Mlango ulipokwisha akaona dirisha. Mama Zuhura, jirani yetu, ndiye aliyegundua kabla yangu. Aliniita kutoka upande wake wa ua, kitambaa kichwani na kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Jirani, huyu fundi wako nyumba imemwishia. Sasa ataibomoa aanze upya ili asiondoke."

Hakubomoa. Alinioa. Na mimi sasa ni bi harusi mwenye mvi, ninayechekacheka jikoni peke yangu. Asubuhi ananipashia maji ya kuoga kabla sijaamka. Akipita karibu nasikia harufu ya paini, na nikiwa sokoni nikapita kwenye karakana za maseremala, moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Jana nimemtazama akinyoosha misumari ya zamani juu ya jiwe, msumari mmoja baada ya mwingine, ulimi ukiwa nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika, nikasahau chungu motoni. Ulilalamika maharage yameungua. Sasa unajua sababu.

Sisemi haya ili kumpunguza baba yako. Baba yako nilimpenda nikicheka. Alikuwa fundi cherehani mfupi mwenye maneno mengi, kibanda chake kilikuwa Mbalizi sokoni, na wateja wengine walikuja na nguo isiyochanika ili wakae tu wamsikilize. Jioni akirudi alivua viatu akaingia bustanini. Alipanda karoti, vitunguu, na yale maua ya dalia ambayo hayaliwi, nami nilikuwa namwambia hatuwezi kumpikia mgeni maua. Alikuwa anajibu, "Mgeni akishiba macho, tumbo linapungua ukali."

Ile bustani ilihitaji banda la kuwekea majembe na mbegu. Hakuita seremala. Mtu wa uzi na sindano akaamua kushika nyundo. Bibi yako akampa nguzo nne kutoka kwenye mkuyu wa shambani kwake, zikiwa mbichi bado. Huku kwetu kila mjenzi anajua kwamba nguzo mbichi ya mkuyu husimamishwa kichwa chini. Upande uliokuwa juu kwenye mti ndio unaingia shimoni, ili isiote. Ukiisimamisha kama ilivyokuwa imesimama kwenye mti, inashika mizizi na kuota. Baba yako alizisimamisha zote nne kichwa juu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, wewe ukiwa mgongoni kwangu na meno yako mawili. Mama Zuhura akamwita kutoka ng'ambo ya ua, "Fundi, geuza nguzo zako. Zitaota hizo."

Baba yako hakuinua hata kichwa. "Mama Zuhura, umewahi kuona suruali inavaliwa miguu juu?"

Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Sote tulicheka. Nguzo zikabaki vile alivyozisimamisha.

Sasa nikuambie jinsi nilivyolikosea banda lile. Baba yako alipofariki, ulikuwa darasa la pili, nililipiga kufuli. Niliogopa kuona koti lake la kazi bado limening'inia msumarini. Watu walisema, mwanamke anayeheshimu marehemu, tazama, hata banda lake hajaligusa. Nilifurahi kusikia hivyo. Nikaacha majani yapande, mchwa wale, panya wazae, na yote hayo nikayaita heshima. Miaka ilipita, na mlango ule sikuwahi kuufungua hata siku moja nikakuita tuingie pamoja nikuonyeshe, hapa ndipo alipoweka mbegu za vitunguu, huku ndiko alikoficha peremende zako nisizione. Ulikuwa unapita nyuma ya banda kama mtu anayepita nyuma ya nyumba ya jirani. Ukiwa na kitu cha mtu uliyempenda, mwanangu, kitumie mpaka kichakae. Kufuli halitunzi. Linazuia tu usione kinavyooza.

Na kuna jambo dogo lililokuwa linanikera. Kila ukimaliza kuosha vyombo, badala ya kwenda kumwaga maji kwenye shimo la maji machafu mwisho wa kiwanja, ulikuwa unatoka mlango wa jikoni na kuyamwaga hapo hapo kwenye kona ya banda. Nilikugombeza mno. Nilikuita mvivu mbele ya wageni. Nilikuambia mume gani ataoa msichana asiyeweza kutembea hatua chache na beseni. Ulikuwa unasema, "Ndiyo mama," na kesho yake unamwaga pale pale. Hata kiangazi, wakati maji ya bomba yalikuwa yanakuja kwa zamu na kila mtu aliyatumia mara mbili, maji yako ya vyombo yaliishia pale.

Ukarabati ulipofika uani, mimi nilikuwa na ndoto zangu za bi harusi. Nilitaka pale penye banda tujenge baraza dogo la viti viwili, mimi na mume wangu tunywe chai jioni tukiangalia mlima. Nilikuwa nimeshachagua hata kitambaa cha mito. Gaudensi akasema, "Tumwulize Tuse kwanza." Nikamjibu, "Tuse ni mtoto, atafurahi kuona pamekuwa pasafi." Sikukuuliza. Furaha ilinifanya nidhani kila mtu anaona ninachokiona mimi. Mtu mwenye furaha anaweza kumkanyaga mwenzake mguu na asisikie, na mimi nilikukanyaga.

Ile Jumamosi kufuli lilikataa, limeshikana na kutu. Gaudensi hakulivunja, alifungua bawaba. Tulitoa reki isiyo na meno, majembe yasiyo na mpini, kopo la kumwagilia lililotoboka, magunia yaliyoliwa yakabaki nyuzi. Tulitoa hii stendi ya cherehani la kwanza la baba yako, aliyokuwa anapangia miche, ndiyo miguu ya meza ninayoandikia sasa. Mama Zuhura alikuwa ameshafika kwenye ua wake, kazi kama hiyo haiwezi kumpita.

"Bi harusi," akasema, "khanga mpya kwenye mavi ya panya? Mapenzi haya yatakuua kwa kikohozi."

"Niache, jirani. Nakohoa kwa raha."

Kisha Gaudensi akainua ubao wa chini na tukakiona kiota. Panya walikuwa wamekijenga kwa vipande vya vitambaa, vile vipande vidogo ambavyo baba yako alivikusanya mfukoni sokoni na kuja navyo kufungia mashina ya nyanya. Kilikuwa na rangi zote, kimesokotwa vizuri kuliko kikapu. Nikakuita. Ulikuja ukachuchumaa, ukachomoa kipande cha bluu kwa ncha za vidole.

"Hii sketi yangu ya chekechea."

Nikachomoa chekundu chenye maua meupe. "Na hili gauni langu la sendofu."

Kwa muda mfupi tulikuwa sawa, wewe na mimi, vichwa vimekaribiana juu ya kiota cha panya. Halafu ukainua macho ukaona chungu ya takataka niliyoipanga tayari kuchomwa, na juu yake koti la baba yako. Mimi ndiye niliyeliweka pale. Lilikuwa limebaki kola na mikono, nikaona si nguo tena. Ndipo ukasema yale ya kufagia.

Ulipoingia ndani, Gaudensi aliweka nyundo chini. Alilitoa lile koti kwenye takataka, akalikung'uta, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Hakuligusa banda tena, si kesho yake wala wiki iliyofuata. Lilisimama wazi, nusu lina mbao nusu halina, kama mtu aliyenyolewa upande mmoja. Nilimkera kila siku.

"Mume wangu, mbao zinanyeshewa."

"Zimenyeshewa miaka yote. Hazitakufa wiki hii."

"Watu wanatucheka."

"Wacheke. Meno ya kucheka ni yao."

"Mtoto ataondoka bila kulimaliza."

"Ndiyo maana nasubiri," akasema. "Banda hili lina mwenyewe, na mwenyewe hajasema."

Hukuyasikia maneno hayo, ulikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nakuandikia ili uyajue. Ulikuwa unamwita fundi, si baba, si hata jina lake, fundi kama mtu aliyeitwa kuziba bomba, na mimi nilikuwa naona aibu kwa niaba yake. Nilipomwambia nitakukanya alishangaa. Alisema, "Kwani si fundi mimi? Mwache. Jina zuri kuliko hilo sijawahi kupewa."

Halafu ile Jumapili ukatoka chumbani umevaa nguo za shamba, ukasema, "Fundi, tumalize." Tuse wangu, sijui kama unajua ulivyokuwa mzuri siku ile. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikajifanya nachambua mchele, na nilikutazama wewe tu. Ulikuwa unaingiza meno ya nyundo chini ya kichwa cha msumari, unaweka kibao kidogo chini yake, unaegemea polepole mpaka msumari unatoka ukilia na mbao inabaki nzima. Gaudensi alisimama akakutazama.

"Nani amekufundisha kuweka kibao?"

"Nimekuangalia."

Aligeukia upande wa pili akatafuta msumari ambao haukuwepo.

Nguzo tatu ziliangushwa kwa mkono. Mchwa walikuwa wameziacha ganda tu, ndani unga. Ya nne, ile ya kona ya jikoni, ilikataa. Gaudensi aliisukuma kwa bega, ikakaa. Akachukua panga akate mipesheni iliyoizunguka, shoka likiwa karibu, na wewe ukasema, "Fundi, ngoja." Ukapita mbele yake, ukakwaruza nguzo kwa ukucha. Chini ya lile ganda la kijivu palikuwa kijani, na maziwa meupe yakachuruzika mpaka kwenye kidole chako.

Tuliinua macho sote. Ule mti uliolalia paa la banda, tuliokuwa tunasema ni wa Mama Zuhura umevuka ua, haukuwa wa Mama Zuhura. Ulikuwa unaanzia pale. Banda lilikuwa limeinama miaka yote si kwa sababu linaanguka. Kona moja ilikuwa inalinyanyua.

Gaudensi alikaa chini kwenye vumbi akacheka. "Aliyejenga hapa alisimamisha nguzo kichwa juu."

Na Mama Zuhura, kutoka ng'ambo: "Nilimwambia mimi. Nilimwambia ageuze, akanijibu habari za suruali." Kisha akafunika uso kwa mtandio wake, na hakutania tena siku ile. Unajua ni jambo gani hilo kwake.

Gaudensi akashika udongo wa pale chini, akauvunja kwa vidole. "Hizi nyingine zimekufa kwa kiu. Hii imemwagiwa maji, tena hata kiangazi."

Nilikugeukia. Ulikuwa unaangalia miguu yako.

"Ulikuwa unajua?" nikakuuliza.

Ukasema, "Kulikuwa na majani madogo pale chini. Nilikuwa nayamwagia tu."

Nilikuwa na maneno mengi na hakuna lililotoka. Ninayo sasa. Kama ungenijibu siku moja tu nilipokuwa nakuita mvivu, ningenyamaza. Hukujibu. Ulibeba beseni lako na matusi yangu, ukaenda ukamwaga maji palipohitaji maji. Kulikuwa na mimi niliyeshika ufunguo nikasifiwa, na kulikuwa na wewe uliyekuwa unamtunza baba yako kwa maji ya sufuria, hata hujui jina la unachokifanya. Nimekaa na watu wazima wengi, mwanangu, na wachache sana wana moyo kama huo. Ukienda huko chuoni ukakutana na watu wenye maneno mazuri kuliko yako, usijione mdogo. Kuna watu wa kusema na kuna watu wa kumwagia, na wewe najua uko wapi.

Na utapenda, Tuse. Sikukatazi, mtu mwenye raha yangu hawezi kumkataza mwingine. Nakuambia tu niliyojifunza kwa wanaume wawili. Wa kwanza alinifundisha kwamba mtu akikuchekesha kwenye siku mbaya, umepata nyumba. Wa pili amenifundisha kumtafuta yule anayekukataza mbao mbichi hata kama mbao ni zake.

Sasa yale usiyoyajua. Siku ile Gaudensi alikueleza ukweli kwamba mkuyu hauwezi kukaa pale. Mizizi yake inakwenda chini ya ukuta, na ule ufa wa jikoni tulioupiga lipu mara kwa mara ndio huo mkuyu unasukuma. Ukasema, "Fundi ndiye anayejua," ukaingia ndani. Nilisikia mlango wako ukifungwa polepole, na polepole hiyo iliniumiza kuliko ungeubamiza. Tangu hapo huangalii uani. Nadhani unasubiri uondoke ili ukatwe wewe ukiwa hupo.

Siku ile uliyokwenda mjini kununua godoro, Gaudensi alivaa shati lake la harusi akaenda Mbalizi kwa bibi yako, peke yake. Aliogopa, nilimwona akifunga vifungo vibaya. Bibi yako alimkaribisha viazi na maziwa ya mgando, akamwacha ale kwanza, halafu akamwambia, "Wewe ndiye uliyemwoa mke wa mwanangu."

"Ni mimi, mama."

"Nasikia unataka kukata mti wake."

"Mti unaangusha nyumba ya mjukuu wako."

Bibi yako akamuuliza, "Na kupanda unajua, au kwenu mnajua kukata tu?"

"Mama, Mafinga tunakata mchana na tunapanda mchana huo huo. La sivyo tungeshabaki na jangwa."

Hapo bibi akacheka, na ukimpata bibi yako anacheka umeshapita mlango. Alimweleza kwamba mkuyu haukatwi kwa kuombwa radhi, unakatwa ukishapandwa mwingine. Tawi la unene wa mkono, mvua za kwanza, kina cha goti. Nguzo mama isiguswe mpaka tawi lishike.

Kwa hiyo nguzo bado iko pale, mwanangu, na itakuwepo ukirudi. Ulipopita asubuhi hukuangalia. Kilichokatwa ni tawi moja tu. Gaudensi amechimba shimo mwisho wa kiwanja, mbali na ukuta, kati ya mahali palipokuwa na karoti na mahali palipokuwa na dalia. Baraza langu la viti viwili nimelihamishia huko huko, mti ukikua utatupa kivuli. Mvua ya juzi imelainisha udongo. Kila kitu kiko tayari na yeye hapandi. Jana nilimwambia, panda basi, tawi litakauka. Akaniambia, "Litakaa majini. Mwenyewe hajaondoka bado."

Barua hii nitaiweka juu ya shuka lako ulilokunja. Najua utaisoma ukirudi, na najua hutaniambia kitu, utazima taa. Sawa. Asubuhi utatoka uani kunawa uso kama kawaida. Karibu na mlango wa jikoni kuna ndoo ya bluu, na ndani yake tawi lililopakwa mkaa kwenye ncha ya juu ili mtu asikosee. Pembeni ya ndoo kuna kipande cha kola ya lile koti, kwa ajili ya kulifungia kwenye kijiti cha kulishikilia, kama baba yako alivyofunga nyanya zake. Gaudensi atajifanya anakaza kamba za godoro. Mimi nitajifanya nachemsha chai. Hakuna atakayekuuliza neno. Ukilipanda au ukiliacha, nitakusindikiza mpaka stendi, nitalia, na nitapunga mkono mpaka basi lipotee.

Lakini kama utalipanda, mwanangu, lipande kichwa juu, kama suruali.

Na maji ya vyombo, mpaka utakaporudi, nitakwenda kuyamwaga mimi.

Mama yako anayekupenda,
hapa Ilomba, kwenye meza ya baba yako.